Kijani Hafifu

Ipo nchi ambayo jina lake halimo tena kwenye ramani. Halikufutwa kwa vita. Liliondolewa na Idara ya Mwonekano baada ya kubainika kwamba lilikuwa na herufi nyingi na lilibanana na mto. Mwaka uliofuata mto nao ukaondolewa. Ramani iliyobaki ni nyeupe, ina mstari mmoja wa mviringo na nukta katikati, na kila mgeni aliyeiona amekiri kwamba hajapata kuona nchi iliyotulia kiasi hicho.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Sikitu, mpimaji wa maji. Kila Jumanne, kwa miaka kumi na mmoja, alizunguka visima arobaini na kimoja akiwa na chupa zilizochemshwa, akarudi maabara, akasubiri saa ishirini na nne jinsi kanuni inavyotaka, akahesabu vijidudu vya kinyesi vilivyoota katika kila sampuli, kisha akaandika idadi yake kwenye tovuti ya mamlaka ya maji.

Tovuti hiyo aliitengeneza mwenyewe, na hapa hakuna sababu ya kumfichia: ilikuwa mbaya. Rangi yake ilikuwa ya uji wa ulezi uliolala. Ilikuwa na jedwali lenye safu kumi na moja na herufi ndogo kama mbegu za mchicha, na kisima kilichochafuka kiliandikwa kwa wekundu uliowaka na kuzimika mfululizo. Kwenye simu jedwali lilikatika, ikambidi msomaji alisukume kushoto na kulia kama anayepepeta mchele. Idadi zote zilikuwa sahihi. Sikitu aliamini kwamba idadi ikishakuwa sahihi imemaliza kazi yake, na kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyemwambia vinginevyo, kwa kuwa hakuna aliyeusoma ukurasa hadi mwisho.

Mwaka huo Wizara ya Imani ya Umma ilifanya utafiti. Wananchi mia moja walioneshwa kurasa mbili. Wa kwanza ulikuwa mweupe, una picha ya yai moja, na chini yake maneno: Ng'ombe hutaga kila Machi. Wa pili ulikuwa na jedwali, mistari na tanbihi, na ulisema kwamba jua huchomoza mashariki. Ng'ombe aliaminiwa na watu sabini na wawili. Jua liliaminiwa na watu thelathini na mmoja. Miongoni mwa walioamini habari za ng'ombe, kumi na mmoja waliuliza mayai yanapatikana duka gani.

Baraza la Mawaziri lilikaa kuyatafakari matokeo hayo. Lilikuwa na njia mbili: kuwafundisha wananchi kuchunguza, au kununua rangi nyeupe. Lilifika nyumbani mapema.

*

Aliyetumwa maabara alikuwa Ndugu Burhani, Mkurugenzi wa Idara ya Mwonekano, kijana mwenye sauti ya upole na shati lisilo na kifungo hata kimoja kinachoonekana. Alisimama mbele ya kompyuta ya Sikitu, akautazama ukurasa, akafumba macho.

"Nani kafanya hivi?" akauliza.

"Mimi."

"Pole sana, dada yangu."

Aliyasema bila dhihaka, na ndiyo maana yaliuma. Mkuu wa maabara, Mzee Chitemo, aliyekuwa amebakiza miezi saba astaafu, alivuta kiti akampisha mgeni kama anavyopishwa daktari kwenye chumba cha mgonjwa.

Ndugu Burhani alifungua mkoba akatoa takwimu, na Sikitu, aliyeziheshimu takwimu kuliko watu, akasikiliza. Kwa wastani mwananchi aliyefungua ukurasa wake alikaa sekunde nne. Sekunde ya kwanza aliona rangi. Ya pili aliona jedwali. Ya tatu na ya nne alitafuta pa kutokea.

"Sasa niambie, dada Sikitu. Mtu akiona wekundu anaufunga ukurasa. Akiufunga hajasoma. Asiposoma, umemwokoa nani?"

Sikitu alitafuta kosa katika hesabu hiyo. Hakuliona. Akakabidhi nywila.

Tovuti mpya ilizinduliwa baada ya wiki sita kwenye Uwanja wa Sherehe. Ilikuwa nyeupe kama sahani. Juu tone moja la maji, chini yake duara arobaini na moja za kijani. Ukiigusa duara, jina la kisima lilijitokeza taratibu kama mtu anayeamka, na kengele ndogo ikalia. Hapakuwa na tarakimu. Chini kabisa palikuwa na kitufe kimoja kilichoandikwa NIMERIDHIKA, na ukurasa haukufungika mpaka kibonyezwe. Kwa njia hiyo Wizara iliweza kupima imani ya umma kila saa, na ilikuwa ikipanda.

Mheshimiwa Lugomela, Waziri wa Imani ya Umma, alihutubia kwa dakika tisini kuhusu ufupi.

"Ndugu wananchi! Wakoloni walituachia majedwali. Safu kwa safu, mstari kwa mstari! Nani kati yenu amewahi kulizwa na duara? Jedwali linauliza maswali. Duara inakukumbatia. Serikali yenu, kwa unyenyekevu mkubwa, imeamua kuwakumbatia!"

Watu walipiga makofi, wakatoa simu, wakabonyeza. Waliofika siku hiyo walikuwa elfu nane. Kwa ajili yao vilichimbwa vyoo ishirini nyuma ya uwanja, mita nane kutoka Kisima cha Kumi na Saba. Sheria inataka mita thelathini, lakini sheria hiyo ilikuwa kwenye jedwali.

*

Baada ya mvua za kwanza Sikitu alihesabu sampuli ya Kisima cha Kumi na Saba. Akahesabu tena. Akachukua sampuli nyingine, akasubiri saa ishirini na nne nyingine, akahesabu mara ya tatu. Vijidudu mia nne na kumi katika mililita mia moja. Kinachoruhusiwa ni sifuri.

"Tukifunge," alimwambia Mzee Chitemo.

"Kufunga kisima kunataka saini ya Waziri, mwanangu."

"Basi aitie."

"Waziri hutia saini kwenye jambo lililokwisha kuonekana kwenye tovuti. Ndiyo waraka mpya." Mzee alizungusha kalamu yake mezani. "Mimi nimebakiza miezi mitano. Nenda kwa kijana."

Ofisi ya Ndugu Burhani ilikuwa na meza, kiti kimoja na dirisha. Wageni walisimama, kwa kuwa kiti cha pili kingeharibu uwiano. Sikitu aliweka karatasi ya majibu mezani. Ndugu Burhani aliisogeza kwa kidole hadi ukingoni.

"Mia nne na kumi," alisoma. "Ina pembe nyingi. Sifuri ndiyo tarakimu nzuri. Sifuri ni duara."

"Sifuri ndiyo ninayoitafuta na mimi, Ndugu Mkurugenzi. Nataka duara ya kisima hiki iwe nyekundu."

"Haiwezekani. Kanuni ya tatu."

"Iandikwe basi: msinywe."

"Neno la kukataza? Kanuni ya tano. Mtu akikatazwa anajiona mdogo, akijiona mdogo anashuku, akishuku..." Alifungua viganja. "Dada Sikitu, mimi siyo adui yako. Mama yangu anakunywa maji ya mji huu huu. Lakini kitu kibaya ukikisema vibaya, unakuwa umefanya ubaya mara mbili."

Walivutana kwa siku nne. Sikitu alileta kanuni za afya, Ndugu Burhani akaleta kanuni za mwonekano, na za Ndugu Burhani zilikuwa zimechapwa vizuri zaidi. Siku ya nne Sikitu aliomba kitu kidogo kuliko vyote alivyokuwa ameomba. Duara ile isifanane na nyingine. Basi. Hata kwa tofauti ndogo. Aliwaza hivi: palipo na tofauti pana habari, na mtu mwenye akili akiona arobaini zinafanana na moja haifanani, atauliza kwa nini.

Ndugu Burhani alisimama dirishani muda mrefu.

"Hilo linawezekana," alisema hatimaye. "Hatari nayo ina haki ya kupendeza."

Alitafuta rangi siku nzima, kwa uangalifu wa fundi anayeipenda kazi yake. Akapata kijani hafifu, kijani cha jani la mgomba linapokunjuka, laini kiasi kwamba jicho likishatua pale halikutaka kuondoka. Akatayarisha hati ya mabadiliko yenye nafasi ya saini moja, ya mwombaji. Sikitu akatia saini yake. Jioni hiyo alitembea kurudi nyumbani akihisi kwamba ameshinda, kwa kiasi.

*

Siku ya tatu aliikuta foleni kwenye Kisima cha Kumi na Saba. Iliingia barabarani, ikazunguka uwanja, ikapita mbele ya vile vyoo ishirini. Walikuwamo wanawake wa mitaa ambayo ilikuwa na visima vyake, wamebeba ndoo mbili mbili.

"Mnatoka wapi?" Sikitu alimwuliza mmoja.

"Juu kule, Kisima cha Tatu."

"Cha Tatu kina maji safi."

"Safi ya kawaida hiyo, shoga!" Mwanamke alitoa simu kifuani, akamwonesha. "Ona mwenyewe. Vingine vyote kijani cha kila siku, kama sare za shule. Hiki kimepewa rangi yake. Serikali haiwezi kukitenga kisima hivihivi bila sababu."

"Sababu ipo. Kina vijidudu."

Foleni ikacheka, kicheko kikaenda kikipokezanwa hadi kona.

"Vijidudu vya rangi hii? Basi nitilie ndoo nzima!"

"Huyu anataka kupenya mbele. Simama nyuma na wewe, mama wa vijidudu!"

Mwanzoni mwa foleni, akiwa na ndoo ya bluu iliyojaa kichwani na mtoto mkononi, alisimama Mwajabu, mdogo wake Sikitu, tumbo moja. Mwajabu aliishi mlango kwa mlango na Kisima cha Kumi na Sita, ambacho Sikitu alikuwa amekipima Jumanne ileile na kupata sifuri. Alikuwa ametembea kilomita nzima na Mashavu, binti yake wa pekee, wa miaka sita.

"Shikamoo, mama mkubwa," alisema Mashavu. "Simu ya mama inalia kengele. Nikibonyeza duara inalia."

"Marahaba, mwanangu." Sikitu alimvuta mdogo wake kando. "Mwajabu, mwaga hayo maji."

"Nimwage? Nimesimama tangu asubuhi."

"Nimeyapima mimi. Mara tatu." Alitoa karatasi ya majibu, ile aliyokuwa akitembea nayo mfukoni wiki nzima. Ilikuwa imekunjwa mara nne na ilikuwa na doa la chai.

Mwajabu aliitazama karatasi, akatazama simu yake, akarudi kwenye karatasi.

"Dada, usinielewe vibaya. Lakini kama ni kweli, mbona serikali haijaandika?"

"Imeandika. Ile rangi. Ile rangi hafifu ndiyo onyo. Niliiomba mimi."

"Hii?" Mwajabu aliisogeza simu karibu na uso wa dada yake. "Dada, hii ndiyo onyo? Hii niliiona nikasema, mwanangu atakunywa hapa. Ningekuwa na nguo ya rangi hii ningeivaa Idi."

"Basi chemsha. Dakika tano tu, yakishachemka."

"Sawa, dada," alisema Mwajabu, kwa sauti ambayo watu hutumia kumwondoa mtu mlangoni. Akaiweka ndoo sawasawa, akamshika mtoto mkono.

Siku iliyofuata Sikitu alichukua boksi la sabuni, akalikata, akaandika kwa kalamu nzito: MSINYWE. VIJIDUDU 410. Akalitundika kisimani. Kufikia saa sita lilikuwa limepigwa picha mara mia mbili, kwa sababu mwandiko ulipinda na S ilikuwa kubwa kuliko herufi nyingine. "Tapeli hata rula hana," mtu mmoja aliandika, na maelfu wakacheka naye. Saa tisa askari wawili walilishusha kwa kosa la kuweka maandishi ya kuogofya hadharani bila kibali cha uwiano. Mmoja wao, mtu mwenye adabu, alimshauri Sikitu kwamba wakati mwingine aache nafasi zaidi pembeni.

Alirudi kwa Ndugu Burhani akataka duara irudishwe kijani kama nyingine. Ndugu Burhani alisikitika kwa dhati. Duara ile ilikuwa imeguswa mara nyingi kuliko zote katika historia ya taifa, na wakazi wa mitaa mingine walikuwa wamelalamika kwamba wanabaguliwa. Waziri alikuwa ameridhia malalamiko yao asubuhi hiyo. Visima tisa zaidi vilikuwa vimepandishwa hadhi kuwa kijani hafifu.

*

Ugonjwa ulianza wiki ya pili. Hospitali kuu ilikuwa na tovuti yake, nayo ilionesha kitanda kimoja kilichotandikwa shuka nyeupe, na ua moja. Waliofika waliwakuta wagonjwa wamelala sakafuni wawili wawili, wakadhani wamekosea jengo.

Mashavu alilazwa Jumatatu. Sikitu alikuja na maji aliyoyachemsha mwenyewe, sukari na chumvi kwa vipimo, akamnywesha kijiko kimoja kila dakika, akiandika kila kilichoingia na kila kilichotoka. Hadi Jumatano kilichotoka kilizidi kilichoingia kwa lita moja na robo. Alhamisi, saa nne asubuhi, Sikitu aliandika mstari wa mwisho, kisha akakaa na kalamu mkononi kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kuandika.

Walioumwa walikuwa mia mbili na kumi na wawili, waliokufa ishirini na saba. Tume ya Uchunguzi iliundwa, ikafanya kazi kwa bidii, ikatoa ripoti yenye sentensi tatu. Kwanza, kumbukumbu za tovuti zinaonesha kwamba wagonjwa wote walibonyeza NIMERIDHIKA, kwa wastani mara tisa kila mmoja. Pili, mtu aliyeridhika na maji hawezi kuwa amedhuriwa nayo. Tatu, kuna mwanamke aliyetundika boksi. Hakuchukuliwa hatua, kwa kuwa Mzee Chitemo aliiandikia tume barua akisema ni mtumishi mzuri ila hana jicho.

Wizara ilitangaza kwamba imani ya umma imefika asilimia tisini na sita. Ikaongeza kwenye tovuti ukurasa mpya wa waliotutangulia: mweupe, majina ishirini na saba yakielea taratibu kutoka chini kwenda juu, kila moja kwa rangi ile laini. Ndugu Burhani aliutengeneza mwenyewe, na inasemekana alilia.

*

Siku ya saba ya msiba Sikitu aliingia nyumbani kwa Mwajabu na karatasi mpya ya majibu, ya Jumanne ya juma hilo. Wanawake walikuwa wamekaa mkekani, ukuta hadi ukuta, wakinong'ona. Mwajabu alikuwa katikati yao na simu mapajani. Jina la Mashavu lilikuwa linapanda.

"Tazama, dada," alisema. "Walivyomwandika vizuri."

Sikitu alikaa karibu naye. Hakuwa mtu wa kufariji. Alikuwa amekuja kwa sababu kisima kilikuwa bado kinachotwa, na wanawake waliokuwa wanakichota walikuwamo katika chumba hiki.

"Dada." Mwajabu aliongea bila kuinua macho. "Watu wanasema mengi. Wewe ndiye unayepima. Niambie wewe. Ni yale maji?"

Wanawake wakageuka kumtazama Sikitu.

"Nilikwenda kilomita nzima," Mwajabu aliendelea. "Mlangoni kwangu pana kisima, nikakiruka. Kwa mikono yangu mwenyewe nilimbebea yale, kwa kuwa yalikuwa mazuri. Kwa hiyo niambie."

Mama mmoja mzee, kwa kutaka kupoza, aliinuka akachota maji mtungini, akajaza bilauri, akaiweka mbele ya Sikitu. Ndivyo mgeni anavyopokewa. Bilauri ilikuwa safi na maji yalikuwa maangavu, na nuru ya mlangoni ilipita ndani yake bila kukutana na kitu.

"Ya wapi haya?" Sikitu aliuliza.

"Kumi na Saba," alijibu yule mzee. "Tumechota leo."

Macho yote yalikuwa kwenye bilauri. Sikitu aliona sawasawa jinsi mambo yalivyopangika. Akinywa, hawa wote watarudi kuchota kesho. Asiponywa, atakuwa amemwambia mdogo wake, mbele ya watu, nani aliyembebea mtoto kifo. Palikuwa na jambo la tatu pia, na hilo lilikuwa lake peke yake: chini ya hati ya ile rangi palikuwa na saini moja tu.

Aliisukuma bilauri mbele kidogo.

"Ni yale maji, mdogo wangu," alisema. "Mia nne na kumi wakati ule. Jumanne hii ni mia sita na thelathini. Na rangi ile niliiomba mimi. Kosa ni langu, siyo lako. Lakini msinywe. Nawaombeni, msinywe."

Akaifungua karatasi akaiweka mkekani. Ilikuwa na mistari, safu na tarakimu, na mashine ya maabara ilikuwa imeishiwa wino upande wa kulia. Mwanamke mmoja aliinamia kuisoma, akakunja uso, akaachana nayo. Wengine walikuwa wameshatoa simu. Kengele ndogo zikalia hapa na pale chumbani.

"Huku bado rangi yake ni ileile," alisema mmoja.

"Tena leo wameongeza mawimbi kwa chini."

Mwajabu hakuitazama simu wala karatasi. Alikuwa anamtazama dada yake, bila chuki, kama anavyotazamwa mtu aliyesimama ng'ambo ya mto na kuita maneno yasiyofika. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua bilauri, akainywa yote, taratibu, hadi tone la mwisho. Sikitu aliukamata mkono wake, akachelewa.

Mwajabu aliiweka chini bilauri tupu.

"Matamu," alisema. Akageukia wenzake. "Nani mwingine ana kiu?"

Mikono ikanyooshwa. Sikitu, kwa mazoea ya kazi, akaihesabu. Ilikuwa kumi na tisa.